Kumhamisha mzee ni kazi ya uuguzi, si ya uchukuzi

Kimbunga Irma kilipoipiga Florida mnamo Septemba 2017, makao ya wazee yaliyojulikana kama Rehabilitation Center at Hollywood Hills hayakuezuliwa paa wala kuingiwa na maji. Hata taa ziliendelea kuwaka. Kilichokatika ni umeme wa mtambo wa kupoza hewa peke yake. Wahudumu wakaweka feni na viyoyozi vidogo vya kusukuma, wakapiga simu huku na huku, wakamsubiri fundi. Siku tatu zikapita hivyo. Alfajiri ya tarehe 13 wazee wakaanza kuzidiwa mmoja baada ya mwingine, na mmoja wao alipopimwa alikutwa na joto la mwili la zaidi ya nyuzi 43 za Selsiasi. Vifo 12 vilihusishwa na joto lile. Jirani kabisa na makao hayo palikuwa na hospitali kubwa yenye ubaridi wa kutosha.

Kila anayesikia kisa hiki huuliza: kwa nini hawakuwatoa? Kwa pale, swali ni la haki. Lakini ukiligeuza kuwa kanuni, kwamba hatari ikinuswa tu wazee watolewe, utaua wengine. Majimbo ya Ghuba ya Mexico yalilijua hilo mwaka 2005, ndani ya wiki nne, kwa njia mbili zinazopingana.

Tarehe 29 Agosti mwaka huo, kimbunga Katrina kilipofika Louisiana, wenye makao ya St. Rita's karibu na New Orleans walikuwa wameamua kubaki. Walihofia kwamba safari ingewaua wakazi dhaifu. Kingo za kuzuia mafuriko zikapasuka, maji yakapanda ndani ya dakika chache, wakazi 35 wakafa. Wamiliki walishtakiwa, na mwaka 2007 mahakama ikawaachia huru. Tarehe 23 Septemba, kimbunga Rita kikiwa njiani, makao mengine ya eneo la Houston yalifanya kile ambacho St. Rita's hawakufanya: yakawapandisha wakazi basi mapema kuelekea Dallas. Barabara zilikuwa zimefurika magari, safari ikachukua usiku kucha. Karibu na mji wa Wilmer, gurudumu la nyuma lililokosa grisi lilipata joto kupita kiasi, tairi ikashika moto, na ndani ya basi kulikuwa na mitungi ya oksijeni ya wagonjwa. Wakafa 23. Rita yenyewe ikageuza njia, na Houston haikupata kipigo kilichotarajiwa.

Waliobaki walikufa na waliohama walikufa. Ndiyo maana nasema mjadala wa "kuhama au kubaki", unaozuka kila baada ya maafa, mara nyingi hukosa kiini. Uamuzi wowote kati ya hiyo miwili unaweza kuwa sahihi na bado ukaua, kama wanaoutekeleza wanamchukulia mzee kama mzigo unaotoka ghala moja kwenda jingine.

Safari inauaje?

Tuanze na wenyewe. Mkazi wa makao ya aina hii si mzee tu anayetafuta utulivu. Ni mtu anayehitaji uuguzi usiku na mchana: kugeuzwa kitandani, kulishwa, kupewa dawa kwa saa zake, kuinuliwa kwenda chooni. Wengi wana dimenshia, ule ugonjwa wa kusahau unaokula kumbukumbu na hatimaye uwezo wa kusema unachotaka.

Mfikirie bibi mmoja, wa kubuni lakini wa kawaida kabisa, mwenye miaka 88. Alipata kiharusi, upande wa kulia haufanyi kazi. Maji ya kawaida humpalia, kwa hiyo hupewa yaliyofanywa mazito. Vidonge vyake husagwa. Hugeuzwa kila baada ya saa mbili, maana ngozi ya kiunoni ilishawahi kuchubuka. Hayo yote yamo kwenye faili. Sasa haya hayamo: hawezi kuoga kama mlango uko wazi, atapiga kelele mpaka majirani waamke. Hula vizuri akilishwa kutoka kushoto. Na akianza kuuvuta mkono wa nguo ya mhudumu, anataka choo. Mhudumu wa zamu ya asubuhi anayajua hayo kwa sababu amekaa naye miaka mitatu. Hakuna aliyemwambia ayaandike.

Mpandishe bibi huyo basi. Saa kumi na mbili ameketi wima, uzito wote juu ya ile ngozi ya kiunoni. Maji hapewi, kwanza kwa sababu yale mazito yamesahaulika, pili kwa sababu akinywa atataka choo na basi halina choo anachoweza kukitumia. Dawa ya presha ya jioni imekuwa ya asubuhi, au haikutolewa. Anafika ukumbini, taa hazizimwi, sura zote ni ngeni. Anauvuta mkono wa nguo ya mtu asiyemjua, na mtu yule anamwondoa mkono kwa upole. Anajaribu kuinuka mwenyewe. Anaanguka.

Siku tatu baadaye anachanganyikiwa kabisa, hataki kula, analala mchana na kukesha usiku. Mwezi unaofuata ana nimonia, kwa sababu alipewa maji ya kawaida na yakampalia. Cheti cha kifo kitasema nimonia. Hakitasema basi.

Ndiyo sababu vifo vya kuhamishwa vilichukua muda kuonekana: havitokei barabarani, hutokea wiki na miezi baadaye, kimoja kimoja, kwa majina ya magonjwa ya kawaida ya uzeeni. Watafiti walipokuja kuwafuatilia wakazi zaidi ya 20,000 wenye dimenshia kali katika makao yaliyokuwa njiani mwa vimbunga vinne, yaani Katrina, Rita, Gustav na Ike, walikuta kwamba uhamisho wenyewe uliongeza vifo, karibu 3 kwa kila wakazi 100 ndani ya siku 30 na karibu 4 ndani ya siku 90, juu ya madhara ya dhoruba. Japani nako, baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia wa Fukushima mwaka 2011, makao matano ya mji wa Minamisoma yalihamishwa. Vifo vya wakazi vikawa mara 2.7 ya vile vya kabla ya maafa. Mionzi haikuwa imemgusa mtu kiasi cha kumuua.

Lakini utafiti huo wa Japani una jambo jingine ambalo huachwa linaponukuliwa. Tofauti kati ya kituo na kituo ilikuwa kubwa mno. Vipo ambavyo vifo viliongezeka karibu mara tatu, na kipo ambacho havikuongezeka. Mji ulikuwa mmoja, na mionzi iliyoogopwa ilikuwa ile ile. Kilichotofautiana ni namna watu walivyohamishwa na walivyopokelewa. Kwangu mimi hiyo ndiyo takwimu ya kushika: kuhama kuna hatari, ila hatari hiyo hupungua mikononi mwa wanaojua wanachokifanya.

Kubaki nako kuna masharti yake

Kama kuhama ni hatari, basi tubaki? Inategemea unakimbia nini. Upepo unaweza kuvumiliwa ndani ya jengo imara, maji hayavumiliki. Makao yaliyo bondeni au kando ya pwani inayovamiwa na bahari hayana la kujadili, yahame, na yahame mapema wakati barabara bado ni tupu. Yaliyo juu ya kilima, yenye kuta madhubuti, mara nyingi ni heri yabaki, iwapo tu yanaweza kujitegemea siku kadhaa. Kujitegemea maana yake ni maji, chakula, dawa, mafuta ya jenereta na wafanyakazi watakaolala hapo hapo.

Hilo la wafanyakazi husahaulika. Mipango mingi huandikwa kana kwamba wahudumu hawana watoto wala wazazi wao wenyewe ndani ya eneo hilo hilo la maafa. Makao yenye busara huwaruhusu waje na familia zao, yakatenga chumba na magodoro kwa ajili hiyo. Mhudumu ambaye mwanawe yuko chumba cha pili hatatoroka zamu.

Kisha jenereta. Ukiuliza kama makao yana jenereta, utajibiwa ndiyo, na jibu litakuwa kweli lisilokusaidia. Uliza inaendesha nini. Kwa miaka mingi jenereta nyingi zilifungwa kuendesha taa za dharura, kengele za moto na baadhi ya soketi, basi. Kiyoyozi hakimo. Baada ya Hollywood Hills, Florida ilitunga masharti mwaka 2018: kila makao yawe na chanzo cha umeme na mafuta ya kutosha kuweka ubaridi usiozidi nyuzi 27 za Selsiasi kwa saa 96 baada ya umeme kukatika. Saa 96 ni siku nne. Wale wa Hollywood Hills walikaa tatu.

Serikali kuu ya Marekani nayo ilikuwa imetoa kanuni za maandalizi ya dharura mwaka 2016, na zikaanza kudaiwa utekelezaji Novemba 2017. Zinataka kila makao yanayolipwa na Medicare au Medicaid, ile mifuko ya serikali ya matibabu, yapime hatari za mahali yalipo, yawe na mpango ulioandikwa, yawe na njia ya mawasiliano, na yafanye mazoezi. Makao yajue kila mkazi yuko wapi wakati wote wa maafa. Na kuna kifungu ambacho familia nyingi hazikijui: makao lazima yawe na njia ya kuwashirikisha wakazi na jamaa zao yaliyomo kwenye mpango huo. Kwa hiyo ukiuomba na ukatazamwa kama mchokozi, wewe huombi fadhila.

Mpango wenyewe nao usomwe kwa jicho la kutilia shaka. Wakaguzi wa wizara ya afya ya nchi hiyo walipochunguza yaliyotokea kwenye vimbunga vya Ghuba, ripoti yao ya 2006 ilionyesha kwamba makao yalikuwa na mipango mizuri kwenye karatasi. Mikataba ya magari ndiyo iliyoshindikana: madereva hawakutokea, safari zikawa ndefu kuliko zilivyopangwa, vituo vya kupokea vikawa havipo tayari. Wakarudi tena, wakatoa ripoti nyingine mwaka 2012, na mapengo yakawa bado yapo. Ni rahisi kuelewa ilivyo. Kampuni moja ya mabasi inatia saini na makao matano, kila moja likijiona ndilo pekee. Siku ya dhoruba matano yote yanapiga simu saa ile ile.

Wanakwenda wapi?

Mwaka 2021, kimbunga Ida kikikaribia Louisiana, makao saba ya mmiliki mmoja yaliwahamisha wakazi wake mapema, kama inavyotakiwa. Zaidi ya wakazi 800. Wote walipelekwa kwenye ghala moja katika mji wa Independence. Wakalazwa kwenye magodoro chini, wamebanana, vyoo vichache vikafurika, umeme ukayumba. Maofisa wa jimbo walipokwenda kukagua walifukuzwa na mwenye mali. Baadaye jimbo likawaondoa wazee wote, na leseni za makao yote saba zikafutwa. Kadhaa wakawa wameshakufa.

Kilichonishtua katika kisa hicho si ukatili tu. Ghala lile lilikuwa limeandikwa kwenye mpango wa dharura. Yaani kuna mahali ambapo mtu aliisoma anwani ile, akatia alama ya vema, akafungua ukurasa wa pili. Mpango unaosema "tutahamia mahali fulani" haujasema kitu mpaka mtu amekwenda kuhesabu vitanda, vyoo, mabomba ya maji na soketi, na kuuliza ni muuguzi gani atakuwa hapo saa nane za usiku.

Mahali bora pa kumpeleka mkazi ni makao mengine ya aina hiyo hiyo, yenye vifaa na watu wanaojua kazi. Hospitali ni kwa mgonjwa anayehitaji hospitali. Ukumbi wa shule ni wa raia wanaoweza kwenda chooni wenyewe. Na popote atakapofikia, wahudumu wake waende naye. Hilo linagharimu fedha, ndiyo, lakini ndilo linalobeba yale yasiyokuwa kwenye faili.

Kufungwa: maafa yasiyo na upepo

Sasa hebu tugeukie kufungwa kwa makao, jambo linalotokea kimya kimya, bila kamera za televisheni. Sababu ni nyingi. Hasara, uhaba wa wahudumu, mmiliki aliyeona ardhi ina thamani kuliko wazee, au serikali iliyokuta uchafu na uzembe ikakata malipo. Kwa mkazi tofauti ni ndogo. Ameambiwa aondoke mahali alipodhani atamalizia siku zake.

Marekani ina sheria mahususi, iliyopitishwa mwaka 2010 ndani ya ile sheria kubwa ya bima ya afya. Makao yanayotaka kujifunga lazima yatoe taarifa ya maandishi angalau siku 60 kabla, kwa mamlaka ya jimbo, kwa wakazi na wawakilishi wao, na kwa ombudsmani wa makao ya wazee, yaani mtetezi wa wakazi anayetambuliwa na sheria na asiyelipwa na makao. Tangu siku ya taarifa hayapokei mkazi mpya. Lazima pawe na mpango wa uhamisho ulioidhinishwa na jimbo, unaompeleka kila mtu mahali panapomfaa kwa huduma, ubora na umbali, kwa kuzingatia anavyotaka mwenyewe. Sheria ilipopitishwa iliweka faini ya hadi dola 100,000 kwa msimamizi anayekiuka.

Kumbuka sheria hiyo haizuii kufungwa. Mkazi mmoja akitakiwa kuondoka kwa lazima, ana haki ya kukata rufaa. Makao yote yakifungwa, rufaa haina pa kushikia, maana nyumba yenyewe haipo. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua, katika kesi ya wakazi wa makao ya Town Court huko Philadelphia, kwamba serikali inapoyaondolea makao ithibati, yaani kibali cha kulipwa na mifuko ya serikali, wakazi hawana haki ya kikatiba ya kusikilizwa kwanza, kwa kuwa wanaumizwa na uamuzi huo kwa njia isiyo ya moja kwa moja tu, haukuwalenga wao. Kisheria hoja inaeleweka. Mbele ya bibi wa miaka 88 ni ngumu kuieleza.

San Francisco ilionja hayo hivi karibuni. Laguna Honda, hospitali kubwa ya matunzo inayoendeshwa na jiji lenyewe, ilipoteza ithibati Aprili 2022 baada ya wakaguzi kukuta kasoro za usalama. Ilikuwa na wakazi karibu 700, wengi maskini. Ili malipo yaendelee kwa muda, mamlaka za serikali kuu zilitaka waanze kuhamishwa. Wakahamishwa 57, na baadhi yao wakafa muda mfupi baada ya kuondolewa. Julai zoezi likasimamishwa. Mpaka 2024 taasisi ilikuwa imerudishiwa ithibati zote. Wazee wale walihamishwa ili walindwe dhidi ya huduma duni, na uhamisho wenyewe huenda ukawa na madhara zaidi kuliko kile walichokuwa wanalindwa nacho.

Sitaki nieleweke kwamba makao mabovu yaachwe wazi. La. Ila kabla ya kufunga kuna hatua za kati ambazo hutumika kwa nadra: kumweka msimamizi wa muda wa kuyaendesha, kuleta wauguzi wa nje, kuzuia wakazi wapya huku walio ndani wakitunzwa. Kumwadhibu mwenye nyumba kwa kumfukuza mpangaji ni mtindo wa ajabu kidogo.

Hatari kubwa katika zile siku 60 haitokani na kukosa karatasi. Hutokana na wahudumu kuondoka. Tangazo likitoka Jumatatu, Ijumaa wale hodari wameshapata kazi kwingine, na huwezi kuwalaumu, wana kodi za kulipa. Wanaobaki ni wachache, wamechoka, na nafasi zinajazwa na vibarua wa siku moja wasiojua nani ni nani. Ndiyo wiki ambazo dawa hurukwa na vidonda hutokea. Makao yanayofunga kwa heshima huwaahidi wahudumu malipo ya ziada wakibaki mpaka mkazi wa mwisho atoke, na jimbo makini hutuma watu wake kukaa ndani ya jengo kila siku badala ya kupiga simu kuuliza mambo yanaendaje.

Kuna pia haraka inayotengenezwa makusudi. Familia inaitwa, inaambiwa vitanda vya jirani vinaisha, saini leo. Mzee anapelekwa kilomita mia mbili mbali, mke wake ambaye haendeshi gari hawezi tena kumtembelea. Taarifa ya siku 60 ni kiwango cha chini kabisa, na mtu hana wajibu wa kuhama siku ya kumi. Katika hali hiyo ombudsmani ndiye wa kumpigia simu kwanza, kabla ya wakili.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Hapa aulizwe. Hata mwenye dimenshia huweza kuonyesha anachopendelea akipewa picha mbili, au akipelekwa kutembea huko aendako na kurudi. Marafiki wawili waliokula meza moja miaka minne wahamishwe pamoja ikiwezekana. Kitanda chake cha upande wa dirisha kiendelee kuwa cha upande wa dirisha. Haya yanaonekana madogo kwa mwenye kumbukumbu nzima. Kwa asiyekuwa nazo, mpangilio wa chumba ndio unaomwambia yuko wapi.

Mfuko na karatasi

Nimalizie na vitu vinavyoshikika, maana mengi ya juu yako mikononi mwa serikali na wamiliki, lakini haya familia inaweza kuyafanya wikiendi hii.

Mfuko wa mkazi uwe tayari muda wote, umeandikwa jina kwa wino usiofutika. Meno ya bandia, miwani na kifaa cha kusikilizia pamoja na betri zake ndivyo vitu vinavyopotea kuliko vyote, na hasara yake haionekani mpaka mzee ameonekana "amechanganyikiwa" kumbe hasikii, au "amekataa kula" kumbe hana meno. Dawa za siku kadhaa. Nepi. Nguo zilizo na jina. Picha moja ya familia, iliyoandikwa nyuma nani ni nani, si kwa ajili yake tu, bali kwa mhudumu mgeni apate la kuongea naye. Kwa mwenye dimenshia, bangili mkononi yenye jina na namba ya simu ya ndugu, kwa sababu akiulizwa jina huenda akataja la utotoni.

Faili la hospitali lina kurasa mia, na usiku wa dharura hakuna atakayezisoma. Inahitajika karatasi moja. Juu yake magonjwa, mzio, dawa na saa ambayo kila moja ilitolewa mara ya mwisho, kwa sababu orodha ya dawa bila saa humfanya mpokeaji ama azirudie ama aziruke. Anakula nini na kwa namna gani. Anatembea au habebeki bila watu wawili. Ana kidonda wapi, kina ukubwa gani leo, ili kesho mtu asikane kwamba kilikuwa hivyo. Nani anayeruhusiwa kuamua kwa niaba yake, na ameshasema nini kuhusu kufufuliwa moyo ukisimama.

Fedha zisisahaulike. Makao mengi huwatunzia wakazi akiba ndogo ya matumizi. Kwa kanuni za Marekani, mkazi akiondoka makao yana siku 30 za kuirudisha pamoja na hesabu yake. Makao yanayofungwa yana wadai wengi mlangoni, kwa hiyo idai kabla ya siku ya mwisho, na upewe maandishi.

Na akishafika, kazi ndiyo imeanza. Uzito upimwe wiki ya kwanza na kila wiki kwa mwezi mzima, kwa sababu kupungua uzito huja mapema kabla mtu hajaanza kuonekana anaumwa. Ngozi ikaguliwe siku ile ile ya kufika, kwa mwanga wa kutosha. Ndugu wapange zamu za kumtembelea kwa siku za mwanzo, hasa jioni, wakati ambapo wenye dimenshia huhangaika zaidi. Makao ya zamani, au jimbo kama yameshafungwa, yapige simu baada ya siku chache na tena baada ya mwezi kuuliza hali yake. Wengi hawapigi. Mkazi akitoka getini jina lake linafutwa ubaoni, na hapo ndipo takwimu za waliokufa hupotelea.

Tumrudie yule bibi wa miaka 88. Siku makao yake yanafungwa, mhudumu wa zamu ya asubuhi anaombwa akae na kalamu dakika kumi. Upande wa nyuma wa karatasi anaandika kwa mwandiko wake: anaitikia akiitwa kwa jina la utani, si la kwenye cheti. Alishwe kutoka kushoto. Mlango wa bafu ufungwe. Anafikiri kidogo, anaongeza mstari mwingine: akivuta mkono wa nguo, mpeleke choo.